Kilele au bonde: uwapeleke wapi watoto?
Mji mdogo wa milimani, hata ule ambao wageni huupita tu, huwa na njia ya kupanda kileleni na njia ya kufuata mto. Kilele kina mandhari, ila kina masharti: joto hushuka takriban nyuzi 6 kila mita 1,000, na radi hupenda alasiri, kwa hiyo ondokeni alfajiri na masweta. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa kutembea milimani, huongeza saa 1 juu ya muda wa njia tambarare kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa watoto, ongeza tena.

Bondeni mtoto anageuza jiwe la majini, anakuta buu limeng'ang'ania upande wa chini, na hataki tena kuondoka. Kwa wadogo nachagua bonde bila kusita. Mvua ikinyesha huko juu, tokeni mtoni mara moja: maji hujaa ghafla.