Fimbo ya mwaloni wa kinamasi, uzoefu wangu

Goti la kulia lilianza kunigomea na daktari akaniambia nitafute mkongojo, sasa ile ya alumini ya kwenye duka la dawa sikuitaka, unaonekana umetoroka wodi. Binti yangu aliye Uingereza akaniagizia hii kwa fundi wa huko anayechonga kwa mkono, mti ni mwaloni uliozama kwenye kinamasi maelfu ya miaka, na chini ya mpini kuna pete ya kaharabu.

Huo mti ndio unalipia hapa. Mwaloni ukifunikwa na matope yasiyo na hewa hauozi, na tanini yake, ule ukakasi kama wa chai ya rangi, ikikutana na chuma iliyo kwenye maji unageuka mweusi wenyewe, hakuna rangi imepakwa. Kule Norfolk, Uingereza, 2012 walichimbua mmoja wa zaidi ya mita 13, una miaka kama 5,000, yaani ulikuwa umeshalala matopeni kabla piramidi ya Khufu haijaanza kujengwa! Kaharabu nayo ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ile ya Baltiki ni ya miaka milioni 40 hivi. Haina ule ubaridi wa kioo, na ukiisugua na sweta inavuta vipande vya gazeti vinarukia juu, mjukuu wangu sasa fimbo ni yake mimi naazima tu.

Fundi alikuwa na mpini wa pembe ya mamothi pia, wale ndovu wa zamani wenye manyoya, nikamwambia binti yangu achana na hiyo kabisa. Hapa Nairobi ndipo zilichomwa tani 105 za pembe za ndovu 2016, unafikiri nitasimama pale uwanja wa ndege wa JKIA nimweleze afisa eti angalia mistari ile ya ndani ukiikata, ya mamothi inakatana kwa kona nyembamba chini ya digrii 90 na ya ndovu ni zaidi ya 115? Aende mwingine.

Mkononi iko poa sana, imara, na kwa matatu konda ananingoja nishuke vizuri, ingawa jirani zangu wananiuliza mzee lini umekuwa chifu.

Sasa malalamiko. Chini wameweka kifuniko cha shaba, kinang'aa kweli lakini kwa vigae vya supamaketi kinateleza vibaya, siku moja mvua imenyesha karibu nilale pale mlangoni na maziwa yangu. Kitu ya kusimamia unawekaje chuma tupu chini jamani? Mpira wa dukani ulikuwa mpana, ukawa unabaki kwa matope, nikaenda soko la Kariokor kwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, akanikatia kipande cha tairi akabandika na gundi na msumari mdogo, bei ya chai na mandazi, na hakijatoka.

Ukiagiza, pima ukiwa umevaa viatu unavyotembelea, mkono ukining'inia mpini ufike kwa kifundo cha mkono, pale saa inakaa. Na unashika upande wa mguu mzima, mimi goti ni la kulia kwa hivyo nashika kushoto. Kama hela haitoshi, wachongaji wa Kikamba wanatengeneza za mpingo, mti mzito unazama majini, weusi wake hata haupitwi na huu. Mimi naipa nyota nne, ya tano nimempa yule wa akala.