TAHADHARI: Gereji ya bodi Tabata inafunika kutu kwa puti

Wadau, kama una gari la zamani unataka likwanguliwe rangi yote na kunyooshwa bodi, soma hii kabla hujatoa advansi. Kuna gereji moja maeneo ya Tabata, jina siweki hapa, inajitangaza sana kwa mapicha ya Land Cruiser za zamani zinazong'aa. Niliwapelekea Hilux ya mzee wangu, tukakubaliana kabisa kwamba rangi itoke mpaka bati tupu, palipooza pakatwe pachomelewe bati jipya, halafu ndo praima (rangi ya msingi inayotangulia) na rangi. Wakachukua hela ya hayo yote.

Nikitaka kwenda kuangalia naambiwa leo fundi hayupo, kesho umeme hakuna, ila picha za WhatsApp zinakuja tu, bati safi kabisa. Gari likarudi linapendeza jamani, mpaka majirani wakasifia. Mvua za masika zimeanza tu, chini ya mlango wa dereva rangi ikaanza kutoa malengelenge, nikabonyeza kwa kidole ikaingia ndani! Fundi mwingine alipobandua tukakuta puti (ule uji mzito wa kusawazishia bodi unaokauka ukawa mgumu) nene kama chapati, nyuma yake wamesokomeza magazeti, yameloa chapachapa, na kutu ile ile ya zamani iko pale inaendelea kula bati. Hakuna hata kiraka kimoja kilichochomelewa. Zile picha zilikuwa za gari lingine, mlango wa kwenye picha hauna tundu la sait mira na wangu unalo.

Hii inaniuma kwa sababu puti sio mbaya, kazi yake ni kusawazisha vibonyeo vidogo juu ya bati zima, milimita chache tu. Ukiizibia tundu inanyonya maji na kuyashikilia kwenye bati, na kwa upepo wa chumvi wa hapa Dar mlango unaisha kwa ndani wewe unaona rangi nzuri tu.

Kwa hiyo sharti lako liwe moja, hakuna praima mpaka uone bati tupu kwa macho yako, mchana, na hela utoe kwa hatua. Na ulione siku hiyo hiyo linapokwanguliwa, maana bati tupu likilala nje na unyevu huu linashika kutu upya. Gari ikishapigwa rangi pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa laini, pasiposhika vizuri pana puti nene. Ila wenye Land Rover 109 sumaku haiwasaidii, bodi zao karibu zote ni alumini, nyie gongeni kwa kidole msikilize mlio, na msikubali fundi atoe rangi kwa kostiki soda maana inakula alumini yenyewe.

Mimi nimeshachukua RB polisi na mabaki ya puti na magazeti nimeyatunza. Kama gari lako liko pale saa hizi nenda leo leo, usipige simu kwanza, na kama hawajapiga praima liondoe.