Uzoefu wangu: kukodi baiskeli ya theluji Anchorage

Mwishoni mwa Desemba nilikodi baiskeli ya theluji hapa Anchorage, Alaska, wakati ambapo jua huonekana kwa muda wa saa tano na nusu tu kwa siku. Baiskeli ni nzuri mno. Huduma ya dukani ina pengo moja, na pengo hilo lingeweza kuniumiza.

Tairi zake zina upana wa inchi nne na zaidi. Fundi alizipunguza upepo mbele yangu mpaka zikabonyea kwa kidole gumba. Mimi nimezoea tairi lililojaa likawa gumu kama jiwe, nikahofia ameniharibia safari. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: tairi laini hutandaa juu ya theluji iliyoshindiliwa na kuishika vizuri. Ila omba mifuko ya kukinga mikono inayofungwa kwenye usukani. Mimi sikupewa, na baridi ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri.

Pengo lenyewe ni kwamba hakuna aliyenitajia wanyama.

Nilipita njia ya pwani ya Tony Knowles, kama kilomita 18 kutoka mjini hadi Kincaid Park. Karibu na mwisho nikamkuta musi, yule mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu, amesimama njiani na mtoto wake, wanavunja vijiti na kutafuna. Theluji ya kina huwachosha, kwa hiyo wakipata njia iliyoshindiliwa hawaiachi kirahisi. Mama akalaza masikio, manyoya ya mgongoni yakasimama. Jirani yangu, Mkongo aliyekaa huku miaka mingi, alikuwa amenionya: ukiona hivyo, rudi nyuma, na akikufukuza zunguka nyuma ya mti. Nikashuka, nikaiweka baiskeli kati yetu, nikarudi nyuma polepole. Nilisubiri dakika ishirini mpaka wakaingia msituni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Far North Bicentennial Park. Huko mbwa wa sleji, wale wanaovuta kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, wana njia zao, sisi wa baiskeli tunazivuka tu. Nilitegea sikio nisikie kubweka. Lakini mbwa hawa hupiga kelele wakati wa kufungwa kamba. Wakishaanza kukimbia, kimya. Nilichosikia ni kuhema na sleji ikikwaruza theluji, tayari wako karibu. Nikaiburuta baiskeli pembeni, theluji ikanifika magotini, nikaishika imara isiwaangukie. Wanane, wawili wawili, midomo imeganda barafu, miguuni soksi za kuzuia theluji isigande katikati ya vidole. Hawana hatamu. Dereva alitamka “ji” mara moja tu, na wote wakakata kulia.

Machi nitakodi tena, Iditarod, mashindano ya mbwa wa sleji, inapofunguliwa mjini. Dukani nimewaambia ana kwa ana wabandike karatasi mlangoni: masikio ya musi yakilala, rudi nyuma, mbwa wakija, shuka uwapishe.