Konisi juu ya kabati za jikoni: uzoefu wangu Kisumu

Kwa wenye haraka: konisi, ule ubao wa urembo unaozunguka ukingo wa juu wa kabati, imependeza, lakini si ya kila jiko, na pesa nyingi huenda kwenye kona, si kwenye mbao.

Kabati zangu ni za MDF, yaani mbao za unga uliobanwa kwa gundi, na zimeishia kama futi moja chini ya siling. Nyumba iko upande wa Mamboleo, kwa hiyo nafasi hiyo ya juu ilikuwa ya vumbi, moshi wa mafuta, na msimu wao ukifika, sami, wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa.

Mwanzoni nilitaka kuziba kabisa hadi siling. Fundi akapanda na pima maji, akanionyesha kwamba siling yangu ya mbao imeshuka karibu inchi nzima kutoka dirishani hadi mlangoni. Ukipandisha konisi iguse siling ya namna hiyo, ule mstari ulionyooka wa kabati utaonyesha wageni kasoro ambayo hakuna aliyekuwa akiiona. Halafu kuna suala la sufuria. Zile kubwa za matanga na harusi, ambazo nusu ya ukoo huja kuziazima, hukaa juu ya kabati kwa sababu haziingii kwingine. Ningeziba, zingekwenda wapi, chini ya kitanda? Tukakubaliana konisi iwe fupi, juu pabaki wazi, sufuria zijifiche nyuma yake.

Kupata wa kuifanya kazi ndiko kulikonichosha. Soko la Kibuye hapa Kisumu halina uhaba wa maseremala, ila anayekutengenezea kitanda safi si lazima ajue kukata konisi. Ubao huu haulali bapa. Hukaa umeinama kati ya kabati na hewa, kwa hiyo ukiulaza mezani na kukata digrii 45, kona haifungi. Hukatwa ukiwa umepinduliwa juu chini ndani ya boksi la kukatia pembe, ukingo wa juu ukiwa sakafuni mwa boksi, na ukishikiliwa kwa mwinamo uleule utakaokaa nao kabatini. Fundi wa kwanza aliulaza. Kona ikaachama, naye akaniambia, "Mama, hapo tutajaza filla." Nikamshukuru, nikamlipa nauli. Wa pili alichukua vipande viwili vya mabaki, akavikata, akaviunganisha mkononi nikiona, ndipo akagusa mbao zangu. Ukitaka kumpima fundi, mwombe hicho tu kabla hujanunua chochote.

Jambo jingine ambalo sikulijua: milango yangu inafunika uso wote wa kabati hadi juu, kwa hiyo hakuna mahali pa kupigilia konisi mbele. Fundi huyo wa pili alifunga kwanza ukanda wa mbao juu ya kabati kwa skrubu kutokea ndani, ukaja sawa na uso wa milango, konisi ikapigiliwa kwenye ukanda huo kwa gundi na misumari myembamba. Milango inafunguka bila kugusa kitu. Kile kipande kidogo cha mwisho kinachogeuka kuelekea ukutani alikiweka kwa gundi peke yake, maana msumari hukipasua.

Nilichagua saiprasi. Konisi ya MDF ni nyoofu na haina vifundo, lakini kingo zake zilizokatwa hunywa mvuke, na jiko langu halikosi sufuria ya maji ya ugali. Saiprasi nayo ikiwa mbichi husinyaa na kona zikafunguka, kwa hiyo nilinunua iliyokuwa imekaa chini ya mabati, si ile iliyoegemezwa nje ikinyeshewa. Tuliipaka praima mbele, nyuma na kwenye ncha kabla ya kupandishwa. Na tafadhali, umbo liwe la kawaida. Yale yenye mifereji na maua ni mazuri dukani. Ukikaanga omena mwezi mzima ndiyo utajua nani atayasugua.

Kasoro moja. Nyufa ndogo za kona alizijaza silikoni nyeupe ya kawaida, na silikoni hiyo haishiki rangi. Kukabaki mistari inayong'aa kwenye kona mbili. Ilibidi ikwanguliwe, pajazwe filla laini, pigwe msasa, rangi irudiwe. Alirudi na kuifanya bila kudai nyongeza, lakini nilimsukuma kwa simu.

Umepanga nyumba? Mimi nisingeweka. Kabati zako zimeshafika siling? Ubao mwembamba wa kuficha ufa unakutosha, na ni rahisi zaidi. Ila kama kabati ni zako na juu pamebaki nafasi, jiko hubadilika kweli. Shemeji yangu aliuliza kama nimenunua kabati mpya. Kazi naipa nyota nne kati ya tano.