FlightGear na Piper J-3 Cub: kutua Tanga kwa ndege ya gurudumu la mkiani

Kama unataka kujifunza kutua ndege zenye gurudumu la tatu mkiani badala ya puani, na hutaki kulipia programu, FlightGear, programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, inatosha. Ni ya bure, ni programu huria, na kompyuta ya kawaida inaimudu ukipunguza mawingu na vivuli. Kinachokula hela ni bando: programu yenyewe inazidi gigabaiti 1, na ndege ya J3Cub inapakuliwa kivyake. Washa TerraSync, inayovuta mandhari kadiri unavyoruka. Ukipita mara moja kutoka mjini hadi Pangani kwa bando la usiku, mandhari hayo yanabaki kwenye diski na siku nyingine hutayavuta upya.

Andika HTTG, msimbo wa uwanja wa ndege wa Tanga, kwenye sehemu ya kuchagua uwanja, utajikuta Tanga. Usitarajie kuziona barabara za Ngamiani kama zilivyo, maana mandhari ya bure ni ya jumla jumla. Kwa mazoezi ya kutua hilo halina neno. La muhimu ni kwamba uwanja uko chini ya mita 50 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 65 inapata hewa ya kutosha. Hiyo hiyo ukiipeleka Arusha, karibu mita 1,400 juu, utaona inavyojikokota.

Ndege yenyewe imetengenezwa kwa uangalifu. Rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma, ndivyo ilivyo J-3 halisi, na kipimo cha mafuta ni waya uliosimama juu ya boya ndani ya tangi, mbele ya kioo: waya ukizama, mafuta yanaisha. Ndege ikiwa ardhini, pua inaziba mbele kabisa. Waanzaji wengi hukimbilia kamera ya nje, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa sababu kutoka nje huoni mkia unapoanza kuteleza mpaka umechelewa. Baki ndani, tazama kingo zote mbili za njia ya kutulia kwa pembe za macho.

Ugumu wenyewe unatokana na uzito. Kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo pua ikipinda kidogo, uzito wa nyuma unataka kupita mbele, na kadiri unavyopinda ndivyo unavyozidi kupinda. Jaribu kusukuma baiskeli kinyumenyume uone usukani unavyogeuka wenyewe. Ndege ya gurudumu la puani inajinyoosha yenyewe. Hii inakungoja wewe.

Kabla ya kupunguza throto, yaani nguvu ya injini, vuta kitasa cha joto la kabureta (sehemu ya injini inayochanganya hewa na mafuta), maana kwenye hewa ya unyevu kama ya pwani barafu ya kabureta haingoji baridi. Shuka kwa maili 55 hadi 60 kwa saa. Cub haina flapu, vibamba vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kushuka, basi ukijikuta juu mno, lalia bawa moja na ukanyage pedali (zinazogeuza usukani wa mkiani) ya upande wa pili. Ndege itashuka kiubavu bila kuongeza mwendo. Nyoosha mapema. Ukibakiza kama mita 5 anza kuvuta fimbo ya kuongozea taratibu, throto ikiwa imefungwa, halafu izuie ndege isiguse, chini ya mita moja kutoka lami, ukiendelea kuvuta mpaka fimbo ifike mwisho. Ikichoka kuruka itakaa yenyewe, magurudumu matatu pamoja, mwendo ukikaribia maili 38.

Hapo hujamaliza, na hili ndilo FlightGear inalolifundisha vizuri. Fimbo ibaki nyuma kabisa ili gurudumu la mkia lishike lami. Pedali zichezwe kwa miguso mifupi: kanyaga, achia, kabla pua haijaenda mbali. Ukikanyaga ukasubiri jibu, jibu likija litakuja lote, na ndege itazunguka kama pia. Breki iache mpaka iwe inatambaa. Kitufe cha B kinafunga magurudumu yote mawili, na ukikibonyeza mkia ukiwa bado mwepesi, propela itachimba lami.

Ikidunda, sababu karibu daima ni kwamba imegusa ikiwa bado na mwendo wa kuruka. Magurudumu ya mbele yanapigwa, mkia unashuka, mabawa yanainuka, ndege inapanda tena. Usisukume fimbo, mdundo wa pili utakuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Mdundo mdogo, shikilia pua ilivyo, ongeza throto kidogo, ikae upya. Mdundo mkubwa, throto yote, nenda ukazunguke.

Vifaa ndivyo vitakavyoamua kama utaifurahia. Kwa kibodi, hapana: sifuri na Enter za pembeni ndizo pedali zako, na hakuna miguso midogo ya kweli. Jostiki yenye kishikio kinachozungushika ndiyo kiwango cha chini. Ya mtumba mara nyingi imeshika vumbi ndani na pua inarukaruka yenyewe. Ifungue uisafishe kabla ya kuilaumu programu. Punguza eneo mfu la katikati, vinginevyo utazungusha kitu kisiitike, kisha kiitike ghafla. Zima pia uratibu wa kiotomatiki unaounganisha fimbo na pedali. Ukiuacha umewashwa, kutua kwa upepo wa ubavu hakuwezekani kabisa.

Na upepo wa ubavu Tanga utaujua tu, kusi ikishika kasi. Anza bila upepo hadi utue bila kupinda mara kadhaa mfululizo. Kisha chukua namba ya njia, zidisha kwa 10, ongeza 30, ndio mwelekeo wa upepo; kwa mfano, kwa njia namba 12, ongeza --wind=150@8 kwenye amri ya kuwashia programu: upepo wa kutoka nyuzi 150, noti 8 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Noti 8 kwa pembe hiyo zinakupa noti 4 za ubavu, zinatosha kabisa kuanzia. Laza bawa upande unakotoka upepo, pedali ya upande wa pili, na gurudumu la upande wa upepo litangulie kugusa pamoja na la mkia. Mwendo unavyopungua, zidisha fimbo kuelekea upepo. Kisha bonyeza Ctrl-R urudie kutazama: wengi huachia fimbo sekunde ileile magurudumu yanapogusa.