Uzoefu wangu: Axial SCX10 II ya kuunga mwenyewe, na dereva anayegeuza shingo

Kwa wanaouliza kama inafaa kununua, nianze na jibu kabisa, hii mashine nainunua tena hata kesho. Ila sio kwa sababu ya gari peke yake, ni kwa sababu ya yule mtu wa bandia niliyemuunda anayekaa juu, maana gari la rimoti la kupanda mawe likiwa halina mtu ni zuri, lakini likiwa na dereva anayeangalia anakoenda watu wanaacha shughuli zao wanakuja kuchungulia.

Msingi ni ile seti ya AX90046, inakuja vipande vipande, yaani hakuna mota, hakuna rimoti, hakuna sevo (kimota kinachogeuza kitu kwa pembe unayotaka, kama usukani), unafungua boksi unakutana na chesisi ya chuma na vifuko vya skrubu. Saizi yake ni moja kwa kumi ya gari halisi, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 313. Ilinitoka kama laki nane na ushee, hapo hujagusa umeme wowote. Shemeji ndio alinibebea kutoka Dubai, na betri nilimwambia asafiri nazo mkononi kabisa, lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye begi la kupakia chini. Iko pia ambayo imeshaungwa tayari, na kwa anayetaka kucheza tu inatosha, lakini ukitaka kuchomeka mitambo yako mwenyewe bora uwe umeifunga kila skrubu kwa mkono wako unajua nini kiko wapi. Zile skrubu za chuma kwa chuma zitie gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee, mtikisiko wa mawe unazilegeza moja moja bila wewe kujua.

Mota nimeweka ya brashi, 35T. Hiyo T ni mizunguko ya waya ndani ya mota, ikiwa mingi mbio zinapungua na nguvu ya taratibu inaongezeka, ndio maana wengine wanakwenda mpaka 55T. Difu zimelokiwa mbele na nyuma, yaani tairi mbili za ekseli moja zinazunguka pamoja, kwa hiyo tairi moja likining'inia hewani lingine bado linavuta. Spidi kontrola, kile kifaa kinachopimia mota umeme, ni Hobbywing QuicRun 1080 na hii naisifia sana, ukiachia mafuta katikati ya mwamba gari linaganda pale pale, halirudi nyuma, na ukali wa hiyo breki unaupanga mwenyewe.

Sasa huyu mtu. Bodi ya Jeep Cherokee inayokuja na seti niliitoa nikaunga fremu ya wazi kwa vyuma vyembamba ili dereva aonekane mwili mzima. Nimemchonga kwa soli za kandambili, zile nene, nikazibandika tabaka kwa tabaka nikakata kwa wembe mpya kisha msasa. Watu wananiambia ungechonga mti, au ungechapisha plastiki, lakini jamani uzito! Kila gramu unayoiweka juu inasogeza gari karibu na kupinduka, hasa likipita ubavu kwenye mteremko. Soli haina uzito wowote wa maana, halafu inapindika, gari likianguka mtu havunjiki. Shati lake dada mmoja mshonaji pale Ngamiani, hapa Tanga, alilikata kwenye mabaki ya kitenge akashona kwa mkono, kola anayo, vifungo ni shanga, na mgongoni nimemwambia aache wazi ili nyaya zipite.

Ndani yake kuna sevo mbili za gramu 9, moja imesimama kifuani inageuza shingo, nyingine iko chini kabisa kwenye kiti inainamisha kiuno. Vijiti vya kusukuma nimetumia spoki za baiskeli, na kwa mji wa baiskeli kama huu huwezi kukosa, fundi yeyote anakupa spoki kuukuu. Spoki ni ngumu, haipindi ovyo, unaikunja ncha kwa koleo inaingia kwenye tundu la mkono wa sevo kama imetengenezewa.

Njia rahisi ya shingo ni kutumia waya wa Y, unagawa ile chaneli (njia ya amri ya rimoti) ya usukani, matairi yakienda kushoto na kichwa kinaenda kushoto. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi, kwa sababu huwezi kupunguza mwendo wa kichwa bila kugusa usukani, na ikitokea kinageuka kinyume inabidi ufungue sevo uigeuze. Nimetumia rimoti ya chaneli 6 yenye miksi, shingo ina chaneli yake inayofuata usukani, nikaipunguza mpaka kichwa kinatulia, na spidi yake nikaishusha maana mwanzo kilikuwa kinadonoa kama kuku. Kiuno nakiinamisha kwa kitufe cha kidole gumba, gari likilalia kulia mtu namlaza kushoto. Hapo ndipo anakuwa hai, kwa kweli.

Umeme msikilize hapa vizuri. Ile 1080 inatoa ampea 3 tu kwa ajili ya risiva (kipokezi cha amri za rimoti) na sevo, volti 6 au 7.4 unachagua. Sevo kubwa ya usukani ikikwama kwenye jiwe inaweza kuzimaliza zote peke yake, ukiongeza na mtu wako juu risiva inajizima sekunde mbili gari halikusikii. Weka UBEC (kifaa cha kushusha volti za betri) ya pembeni ya ampea 5 ilishe sevo, na usizidishe volti 6 kwa hizi ndogo, 7.4 inaziunguza. Pia kuna muuzaji wa mtandaoni alinitumia sevo zimeandikwa gia za chuma, kufungua ni plastiki tupu, kwa hiyo zikifika fungua kifuniko uangalie kabla hujazishonea mtu ndani.

Nalitembeza Raskazone maji yakipwa, lile tumbawe la kale lina makali na matairi laini yanang'ang'ania ajabu. Mbele nimebandika ndani ya rimu zile risasi za balansi ya magurudumu, kupanda kumebadilika kabisa, pua hainyanyuki. Ila chumvi haina urafiki, ukirudi nyumbani osha kwa maji ya bomba, kausha, tia oili kwenye beringi siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Na vidimbwi vikwepe, spidi kontrola inahimili maji lakini sevo ndogo hazihimili.

Ambacho bado sijaridhika nacho ni mikono. Imeshika usukani lakini usukani wenyewe hauzunguki, na pale mbele hakuna nafasi ya sevo ya tatu. Nafikiria kuvuta uzi wa mshipi kutoka kwenye sevo ya shingo uzungushe usukani kwa pamoja, mwenye njia nzuri zaidi anielekeze kabla sijaanza kutoboa.