Kisumu hadi JKIA: basi la usiku au ndege?

Una safari ya ndege kwenda London na unaanzia Kisumu, utafikaje JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi?

Basi ni nafuu, hilo halina ubishi, na hawakubanii mzigo: hata gunia la omena la shangazi litapata nafasi kwenye buti. Lakini ni takriban kilomita 350 kupitia Kericho na Nakuru, na lori likipinduka mbele yenu, mtakesha hapo. Linakushusha katikati ya jiji, JKIA bado iko mbali. Halafu miguu iliyokunjwa usiku kucha inakunjwa tena karibu saa tisa angani. Usishangae viatu vikigoma kuingia.

Ndege ni chini ya saa moja. Ila uliza kwanza inatua wapi: nyingine hutua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, na kutoka huko hadi JKIA ni teksi na foleni. Jambo zito zaidi ni tiketi. Safari zote zikiwa kwenye tiketi moja, ya kwanza ikichelewa mpaka ukakosa ya pili, kampuni ndiyo hukutafutia nyingine. Ukinunua kando kando, kwa kawaida hasara ni yako, na begi unalichukua na kulikabidhi upya. Kilo za ndani ya nchi nazo mara nyingi ni chache kuliko za nje.

Mimi huchagua ndege ya asubuhi kwa safari ya London ya usiku. Mfuko ukibana, basi la mchana, siku moja kabla, nilale kwa binamu Embakasi.